Konokono, Ndakala na Mtoto Wetu: Kwa Nini Pile Iliyokufa Isitupwe Mtoni

Juma hili ninaomba tuzungumze juu ya viumbe ambavyo wengi wetu tunavipita bila kuviangalia: konokono wa ziwani, kamba wadogo kama punje ya mchele, kaa wanaojificha chini ya mawe, na vidudu vya majini vinavyoonekana kama chembe za vumbi zikirukaruka ndani ya glasi. Havina mifupa na havina bei. Hakuna mama anayepanga beseni la vidudu hivyo sokoni Bwegera.

Lakini ndakala tunaonunua Uvira na kuwauza hapa wanaishi kwa kula vidudu hivyo. Vikipungua, ndakala wanapungua. Vikila sumu, sumu inaanza safari kuelekea kwenye chungu chetu. Kuna sumu za aina moja, zinazoitwa metali nzito, ambazo zinawapata viumbe hao wadogo kabla hazijatupata sisi. Nitaeleza kama ninavyoelezea darasani, polepole, halafu tuangalie ni nini kikundi cha wamama kinaweza kufanya bila kungoja mtu.

Nani anamlisha ndakala

Ziwa Tanganyika ni la zamani sana. Umri wake unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Kwa muda huo wote limelea viumbe ambavyo vingi havipatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 1858 msafiri Mwingereza John Speke alipofika ziwani aliokota maganda ya konokono. Wataalamu wa Ulaya walipoyaona walishangaa, kwa sababu yalifanana na maganda ya konokono wa baharini. Mtaalamu mwingine, J.E.S. Moore, alikuja mwaka 1896, kisha tena mwaka 1899, akafikiri kwamba zamani ziwa letu lilikuwa sehemu ya bahari. Leo inajulikana kwamba sivyo. Konokono hao walipata sura zao humu humu ziwani, kizazi kwa kizazi. Ziwani kuna hata kiumbe laini, cheupe, mfano wa mwavuli mdogo sawa na sarafu, ambaye ndugu zake wengi wanaishi baharini.

Sasa angalia namna chakula kinavyopanda. Mimea midogo sana inaelea katika maji na kuyapa rangi ya kijani. Vidudu vya jamii ya kamba vinakula mimea hiyo. Ndakala anakula vidudu hivyo. Mikeke anakula ndakala na kamba wadogo. Sangala anakula samaki wenzake. Halafu sisi tunakula wote. Huko chini, konokono wanalamba mawe na matope, na kaa wanasafisha mabaki. Hao ndio wafagiaji wa ziwa.

Metali nzito ni kitu gani

Metali tunazijua: chuma cha jembe, shaba ya waya, risasi ambayo mafundi wanaiita plombi, zinki ya bati. Nyingine hatuzioni kwa urahisi, kama kadimiamu na kobalti. Nyingine ni ya ajabu, kama zebaki, ile inayong'aa na kutiririka kama maji, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi nyingi, pamoja na Kongo yetu, wanaitumia kukamata dhahabu.

Baadhi ya metali mwili unazihitaji kwa kiasi kidogo. Sisi tunahitaji chuma katika damu. Kamba na kaa wanahitaji shaba, kwa sababu damu yao inabeba hewa kwa msaada wa shaba, na ndiyo maana ina rangi ya samawati. Lakini risasi, zebaki na kadimiamu hazina kazi yoyote ya faida katika mwili wetu. Hata shaba yenyewe ikizidi inageuka sumu.

Jambo baya zaidi la metali ni kwamba hazifi. Ganda la ndizi likitupwa linaoza na kuwa udongo. Metali haiozi. Moto unaichoma lakini hauimalizi: inabaki katika majivu au inapanda na moshi. Mvua ikinyesha, inashuka mferejini, mferejini hadi mtoni, mtoni hadi Ruzizi, na Ruzizi inaishia ziwani.

Na ziwa letu halina haraka ya kutoa kitu. Mto mmoja tu unatoka humo, Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi yanaondoka kwa kupanda hewani kama mvuke, na mvuke haubebi risasi. Wataalamu wanakadiria kwamba ingehitajika miaka karibu 440 ili maji ya ziwa yabadilike yote. Hivyo kinachoingia leo, wajukuu wa wajukuu wetu watakikuta.

Zinatoka wapi hapa kwetu

Mtu anaweza kusema: viwanda vikubwa viko wapi hapa Bwegera? Ni kweli, hatuna. Lakini tuangalie nyumbani kwetu.

Kuna pile za torchi na redio. Ndani yake mna zinki na manganizi, na zile za bei rahisi zinaweza kuwa na risasi au kadimiamu kidogo. Zikiisha nguvu tunazitupa nyuma ya nyumba, na watoto wanazipasua kwa jiwe ili wapate ile kalamu nyeusi ya katikati.

Kuna batri za sola, za pikipiki na za gari. Zaidi ya nusu ya uzito wa batri ya namna hiyo ni risasi. Kila nyumba iliyoweka sola kwa ajili ya taa na simu, siku moja itakuwa na batri iliyokufa.

Kuna dawa za kupulizia nyanya. Baadhi ya dawa za kuzuia ukungu zina shaba, nyingine zina manganizi na zinki. Mkulima akimaliza kupuliza, anasafisha pompi yake katika mfereji ule ule unaopeleka maji kwenye mchele.

Na kuna jambo ambalo sisi wanawake tunajua zaidi kuliko wanaume: mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina zebaki. Zebaki hiyo inapita katika ngozi na kuingia ndani ya mwili, na inayobaki inakwenda na maji ya kuoga.

Zinavyomdhuru kiumbe mdogo

Konokono anajenga ganda lake kwa kalisiamu, ile ile ambayo mtoto anajengea mifupa na meno. Mwili wake una milango ya kupokea kalisiamu kutoka majini. Risasi na kadimiamu zinafanana na kalisiamu kiasi cha kudanganya mlango huo. Zinaingia kama mgeni aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Zikishaingia, ganda haliendi vizuri, mayai yanapungua, na konokono anazubaa.

Kamba na kaa wana shida ya pekee. Ngozi yao ni ngumu, haikui pamoja nao, kwa hiyo inawabidi kuivua na kuota mpya. Siku za kuvua ngozi mwili unabaki laini na unavuta kalisiamu nyingi kutoka majini. Ni wakati huo metali zinaingia kwa wingi. Wengi wanaokufa wanakufa hapo.

Vidudu vile vya kurukaruka ndivyo dhaifu kuliko wote. Shaba kidogo sana majini, kiasi ambacho ulimi wa mtu hauwezi kuonja, inatosha kupunguza uzazi wao au kuwaua. Kwa hiyo mto unaweza kuonekana safi, maji yanang'aa hadi mchanga unaonekana chini, kumbe wakaaji wake wadogo wamekwisha kuondoka.

Matope nayo yanasaidia kusafirisha sumu, kwa sababu metali zinapenda kushikamana na chembe laini za udongo. Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1993 juu ya Ziwa Tanganyika. Waliona kwamba mahali ambapo udongo mwingi wa milimani ulimwagika ziwani, aina za viumbe zilikuwa chache, hasa vile vidogo sana vya jamii ya kamba vinavyokaa ndani ya maganda mawili kama punje ya haragi. Hapo kosa lilikuwa la matope yenyewe. Fikiria sasa matope hayo yakibeba na risasi.

"Konokono wafe tu, wanatuletea bilharzia"

Ninajua kuna mama atakayesema hivyo, na ana haki ya kuuliza. Bilharzia iko katika bonde letu la Ruzizi, na ni kweli inapitia kwa konokono.

Watu walikwisha kujaribu njia hiyo. Zamani, nchini Misri na Sudani, walikuwa wakimwaga chumvi ya shaba katika mifereji kusudi wawaue konokono. Konokono walikufa kweli. Lakini shaba haikuchagua: iliua na viumbe wengine wa majini, na ikabaki katika matope. Konokono walirudi baada ya muda, ikabidi kumwaga tena. Mwishowe dawa nyingine ilichukua nafasi yake.

Tena konokono wanaobeba bilharzia ni aina chache tu, wale wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani. Konokono wengi wa ziwani hawana kosa hilo. Bilharzia inapiganwa kwa choo, kwa maji safi, na kwa dawa ya prazikwanteli inayotolewa katika vituo vya afya. Hatuhitaji kutia sumu mtoni.

Mlango ule ule katika mtoto

Niliandika kwamba risasi inamdanganya konokono kwa kufanana na kalisiamu. Ndivyo inavyomfanya mtoto pia. Mwili wake unatafuta kalisiamu na chuma kwa bidii kwa sababu unakua. Shirika la Afya Duniani (OMS) linaeleza kwamba mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mwenye njaa, asiyepata chuma na kalisiamu ya kutosha, anafyonza zaidi.

Risasi ikikaa katika mwili wa mtoto inaharibu ubongo taratibu. Hana homa wala vidonda. Anasahau upesi, hatulii, kusoma kunamwia vigumu. Sisemi kila mtoto anayeshindwa darasani ana risasi. Sababu ni nyingi, na njaa ni mojawapo. Ninasema tu kwamba jeraha hili halionekani kwa macho, na fimbo hailiponyi.

Mambo haya yametokea kwa wamama kama sisi. Kule Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha batri za zamani. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo mwaka 2009, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake akiugua bila kupona. Walipopimwa, ikaonekana ni risasi. Alianza kuwakusanya majirani na kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba wakaaji walipwe fidia. Mapambano yalianza na mama mmoja aliyekataa kuambiwa kwamba ugonjwa wa mtoto wake ni wa kawaida.

Mbali zaidi, huko Japani, kiwanda katika mji wa Minamata kilimwaga zebaki baharini kuanzia mwaka 1932 hadi mwaka 1968. Konokono na chaza wa pwani waliikusanya, samaki wakaikusanya zaidi, watu wakala. Paka walianza kuyumbayumba na kuanguka kabla watu hawajajua kinachoendelea. Mwaka 1956 ugonjwa ulitangazwa rasmi. Kilichowaumiza watu zaidi ni hiki: wamama walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika ubongo, kwa sababu zebaki ilipita kutoka kwa mama na kuingia katika mimba. Jina la mji huo limepewa mkataba wa dunia juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017.

Na hapa hapa Kongo, kule Katanga kwenye machimbo ya shaba na kobalti, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipata kobalti nyingi sana katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda, na watoto walikuwa miongoni mwao.

Je, tuache kula ndakala?

Hapana, wamama. Tafadhali mtu asisome makala haya akaondoa ndakala mezani. Zebaki inaongezeka kadiri inavyopanda kutoka kwa mliwaji kwenda kwa mlaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha hivyo hivyo kwa Ziwa Tanganyika. Ndakala yuko karibu na chini ya ngazi na anaishi muda mfupi, kwa hiyo anakusanya kidogo kuliko samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao. Tena ndakala analiwa pamoja na mifupa yake. Mifupa hiyo ni kalisiamu, na kalisiamu ya kutosha inapunguza nafasi ya risasi kuingia. Ndakala na sombe mezani ni ulinzi kwa mtoto. Mama mjamzito anaweza kula ndakala zaidi na kupunguza sangala mkubwa. Na kunyonyesha kuendelee kama tunavyofundishwa katika kituo cha afya.

Kinachotakiwa ni kulinda chakula hicho kabla hakijaharibika. Nchi nne za ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza mwaka 2003. Lakini mkataba hauwezi kufika nyuma ya nyumba yangu na yako. Huko ni kazi yetu.

Vikundi vyetu vianze wapi

Kwanza, pile. Kila nyumba itafute kopo au bidoni kavu lenye kifuniko, liwekwe juu, mbali na mkono wa mtoto. Pile iliyokufa isitupwe mtoni, msalani, wala motoni. Kikundi kinaweza kuwa na bidoni moja kubwa mahali pakavu, lisilopigwa na mvua. Hatuna bado mahali pa kuzipeleka, hilo ni kweli. Lakini pile 500 ndani ya bidoni moja ni afadhali kuliko pile 500 zilizotawanyika kandokando ya mfereji, na siku njia ya kuzipeleka itakapopatikana zitakuwa tayari. Na watoto waambiwe: pile haipasuliwi.

Pili, batri za sola na pikipiki. Iuzwe ikiwa nzima kwa mnunuzi wa vyuma au irudishwe dukani mnaponunua mpya. Mtu asiimwage tindikali yake, na asiyeyushe risasi nyumbani wala katika chungu cha chakula. Baba au kaka anayefanya kazi ya batri abadilishe nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto.

Tatu, pompi ya dawa. Maji ya kuisafishia yapulizwe juu ya shamba lile lile, mbali na mfereji. Chombo cha dawa kisitumiwe kuteka maji.

Nne, mafuta ya ngozi. Soma karatasi yake. Ukiona maneno mercure, calomel, mercurio au herufi Hg, usinunue. Bidhaa isiyoandika kilichomo ndani, iache pia. Kwa mama mjamzito na anayenyonyesha, hili ni la kwanza kabisa.

Tano, udongo. Majani yapandwe kandokando ya mto na kwenye miteremko, ili mvua isibebe matope na kila kilichomo.

Zoezi kwa watoto wakubwa

Huko Afrika Kusini wanafunzi wanajifunza kupima afya ya mto kwa kuangalia vidudu vyake. Sisi pia tunaweza. Watoto waende na mtu mzima kwenye kijito kidogo chenye mawe. Tusiende Ruzizi yenyewe, kuna mamba. Wasiingie majini, kwa sababu ya bilharzia. Mtu mzima, amejifunika mikono kwa mfuko wa plastiki, ainue jiwe moja kutoka ukingoni na kuliweka katika beseni jeupe lenye maji ya kijito.

Mkiona vidudu bapa vyenye mikia mitatu kama nyuzi, na vingine vilivyojijengea vinyumba vya mchanga, hiyo ni dalili njema. Hao hawavumilii uchafu. Mkiona minyoo myekundu peke yake, kijito kina shida. Beseni halitawaambia ni sumu gani. Inaweza kuwa metali, dawa ya shamba au choo. Lakini mkifanya zoezi mahali pale pale kila mwezi na kuandika katika daftari, mtajua mapema kitu kikibadilika. Na mkiwa na daftari la miezi 6, mnaweza kulipeleka kwa watafiti wa maji wa Uvira au kwa wakuu wetu mkiwa na la kuonyesha.

Ninaomba kila kikundi, katika mkutano wake ujao, kichague mama mmoja wa kutunza bidoni la pile na mmoja wa kutunza daftari la kijito. Mtuandikie ni kitu gani mmeona, tutakichapisha hapa.